Karatasi za Peni Sita: Historia ya Maktaba za Uchumi na Funzo Lake kwa Wana Ushirika



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameandika juu ya maghala, mizani, malori na bei ya pamba. Sisi wa ofisi ya Katibu tulipewa kazi ya kuandika historia. Tuliipokea kwa furaha, tukidhani ya kuwa ni kazi nyepesi: kufungua makabati, kutoa vitabu vya kumbukumbu za mikutano, na kupanga mambo jinsi yalivyofuatana. Lakini tulipofungua makabati tulitahayari. Kumbukumbu za mikutano ya miaka miwili ya kwanza hazikuwamo. Vitabu vya stakabadhi vya vyama vya msingi vitano havikuonekana. Majina ya wazee waliotoa kiingilio cha kwanza twayasikia midomoni mwa watu tu, na kila mdomo una hesabu yake.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona ya kuwa historia nayo hupotea vivyo hivyo. Basi kabla hatujalaumiana, tumeona vema kuwaeleza wanachama jinsi watu wa nchi nyingine walivyokusanya na kutunza maandishi ya uchumi, tangu vitabu vikubwa vya wataalamu hata vikaratasi vya sokoni. Tukiisha kuyatazama hayo, tutarudi nyumbani tujitazame wenyewe.

PENI SITA BARABARANI

Mwaka 1875, alasiri moja, mabwana wawili walikuwa wakirudi kutoka matembezi mjini London. Mmoja alikuwa William Stanley Jevons, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya uchumi. Wa pili alikuwa Herbert Somerton Foxwell, kijana aliyezaliwa mwaka 1849, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika barabara iitwayo Great Portland Street walipita penye meza ya muuza vitabu vikuukuu. Jevons akamwonyesha mwenzake kitabu cha Dionysius Lardner juu ya uchumi wa reli, kilichochapwa mwaka 1850, akamweleza jinsi kilivyomsaidia katika fikira zake. Bei yake ilikuwa peni sita, yaani nusu ya shilingi ya Kiingereza. Foxwell akakinunua.

Tangu siku ile mtu huyu hakupumzika. Kwa muda wa miaka sitini alipita katika maduka ya vitabu, katika minada, na katika nyumba za watu waliofiwa, akitafuta kila andiko lililohusu mali, kazi, biashara, fedha, kodi, kilimo na umaskini. Wakati huo wasomi wengi walitaka vitabu vya mashairi, vya dini na vya vita. Maandishi ya biashara ya zamani yalihesabiwa kuwa takataka. Kijitabu kilichoandikwa kulalamikia bei ya ngano, au tangazo la kampuni iliyokwisha kufilisika miaka mia iliyopita, nani angelitaka? Ndiyo sababu mwalimu mwenye mshahara wa kawaida aliweza kununua vitu ambavyo leo matajiri hawavipati.

KWA NINI ALIVITAKA VIKARATASI

Hapa imetupasa kusimama kidogo, kwa kuwa ndipo lilipo fundisho. Watu wengi hudhani ya kuwa maktaba ya uchumi ni mahali pa kuweka vitabu vya mabingwa, kama kile cha Adam Smith juu ya utajiri wa mataifa, kilichotoka mwaka 1776. Vitabu kama hivyo havikosi mtunzaji. Lakini Foxwell aliona ya kuwa bingwa haandiki peke yake. Kabla yake na pembeni yake wako watu wengi wanaobishana: mfanyabiashara anayetetea faida yake, mkulima anayelia juu ya kodi, mbunge anayetaka sheria mpya, fundi aliyenyimwa ujira. Maneno yao hayamo katika vitabu vinene, bali katika vijitabu vya kurasa nane au kumi na sita, vilivyouzwa kwa peni chache na kutupwa baada ya juma moja.

Ilipoanzishwa Benki ya Uingereza mwaka 1694, watu waliandikiana vijitabu vya kuikubali na vya kuikataa. Ilipoanguka Kampuni ya Bahari ya Kusini mwaka 1720 na kuwafilisi watu wengi, karatasi zilitoka za laana, za utetezi na za dhihaka. Waingereza walipogombana juu ya sheria za nafaka, tangu mwaka 1815 hata zilipofutwa mwaka 1846, kila upande ulichapa maneno yake. Mtu akisoma sheria tu atajua mwisho wa ugomvi. Atakayesoma vijitabu ndiye atakayejua nani aliumia, nani alinufaika, na kwa hoja gani.

Na sisi wana ushirika tuna deni maalumu kwa bwana huyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwako waandishi waliodai ya kuwa mtendaji kazi apewe haki kamili ya jasho lake. Mmoja wao alikuwa William Thompson wa Ireland, aliyewafundisha watu jinsi ya kuunda jumuiya za ushirika. Waandishi hao walikuwa wamekwisha kusahauliwa. Mwaka 1899 Foxwell aliandika dibaji ndefu katika tafsiri ya kitabu cha Mwaustria Anton Menger, akaeleza habari zao, na mwishoni akaweka orodha ya maandishi yao. Kazi hiyo aliiweza kwa sababu alikuwa amekwisha kuyakusanya yale ambayo wengine waliyadharau.

DENI, MASONARA, NA NG'AMBO

Lakini tusiwadanganye wanachama kwa kusema ya kuwa kazi njema haina gharama. Foxwell alinunua kupita kipato chake, akaingia katika madeni. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho hudai bei yake. Mwaka 1901 ikambidi auze mkusanyo wake wote, uliokuwa umefika vitabu na vijitabu karibu 30,000. Palikuwa na hofu ya kwamba utachukuliwa ng'ambo. Ndipo chama cha kale cha masonara wa London, kiitwacho Goldsmiths' Company, kikatoa paundi 10,000 kikaununua, na mwaka 1903 kikaukabidhi kwa Chuo Kikuu cha London. Hata leo unaitwa Maktaba ya Goldsmiths, nao umo katika jumba la Senate House.

Wasomaji waangalie jambo hili. Waliouokoa mkusanyo huo si serikali, bali chama cha watu wa kazi moja, walioungana tangu zamani kulinda ufundi wao. Nao hawakuufungia ndani kama mali yao, bali waliutoa usomwe na watu.

Na Foxwell je? Alianza upya! Akanunua tena, miaka juu ya miaka, mpaka akapata mkusanyo wa pili wa maelfu ya vitabu. Alipofariki mwaka 1936, mkusanyo huo ulivuka bahari ukaenda katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ukawa msingi wa Maktaba ya Kress, iliyoitwa hivyo kwa heshima ya mfanyabiashara Claude Kress aliyesaidia kwa fedha. Mikusanyo hiyo miwili, iliyoanzishwa na mkono mmoja na kutengwa na bahari, ilikutanishwa tena tangu miaka ya 1970 ilipopigwa picha pamoja katika maikrofilamu, na baadaye ikaingizwa katika kompyuta.

Wajapani nao hawakulala. Carl Menger wa Vienna, ndugu yake yule Anton tuliyemtaja, alipofariki mwaka 1921, vitabu vyake karibu 20,000 vilinunuliwa na chuo cha biashara cha Tokyo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Hivyo Mwaustria atakaye kuona vitabu alivyovisoma bingwa wa nchi yake hana budi kusafiri hadi Japani. Asiyetunza chake hukiona nyumbani kwa jirani.

BWANA NA BIBI WEBB

Foxwell alijenga kwa kununua. Wako wengine waliojenga kwa kuomba na kuchunguza. Beatrice Potter alikuwa binti wa tajiri, naye aliacha starehe akaenda kukaa na kuzungumza na wana ushirika wa kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1891 alitoa kitabu juu ya ushirika katika Uingereza. Mwaka uliofuata aliolewa na Sidney Webb, na wote wawili wakaingia katika kuchunguza vyama vya wafanyakazi. Walikwenda mji kwa mji, wakaomba kuona katiba, taarifa za mwaka, hesabu na kumbukumbu za mikutano. Kila habari waliiandika katika karatasi yake peke yake, ikiwa na mahali ilipotoka na tarehe yake, ili karatasi ziweze kupangwa upya kila inapohitajika. Kutokana na kazi hiyo ilitoka historia ya vyama vya wafanyakazi mwaka 1894.

Mwaka 1895 walishirikiana na wenzao kuanzisha chuo cha uchumi cha London, na mwaka 1896 wakaanzisha maktaba yake. Hawakuwa na fedha za kushindana na maktaba za kifalme. Basi walitafuta hasa vitu visivyouzwa dukani: ripoti za serikali, taarifa za mabaraza ya miji, hesabu za makampuni na katiba za vyama. Karatasi zao wenyewe za vyama vya wafanyakazi waliikabidhi maktaba hiyo. Ndivyo ilivyokua Maktaba ya Uingereza ya Elimu ya Siasa na Uchumi, mojawapo ya maktaba kubwa kabisa za namna yake duniani. Tangu mwaka 1978 imo katika jumba ambalo zamani lilikuwa ghala la wauza magazeti. Sisi wenye maghala tusione ajabu: ghala lililoweka mali ya siku moja sasa laweka mali ya karne nyingi.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Katika habari hizi twajifunza ya kuwa kukusanya si kurundika. Jambo la kwanza ni mpaka. Hakuna maktaba iwezayo kuweka kila kitu, kwa hiyo huamua: vitabu vya zama hizi, vya nchi hizi, vya jambo hili. Orodha kuu ya Maktaba ya Goldsmiths yaishia mwaka 1850.

Jambo la pili ni mfululizo. Taarifa ya mwaka mmoja ina faida ndogo, lakini taarifa za miaka thelathini mfululizo ni hazina, kwa kuwa zaonyesha kupanda na kushuka kwa mambo. Ukikosekana mwaka mmoja katikati, huenda ndio ule mwaka wa ukame au wa wizi, na mtafiti huachwa gizani.

Jambo la tatu ni orodha. Kitu kisichoandikwa mahali kilipo ni sawa na kitu kisichokuwapo. Tangu mwaka 1931 maktaba za London zilichapa orodha kubwa ya pamoja ya vitabu vya uchumi na mambo ya jamii, ili msomaji ajue kitabu fulani kiko katika nyumba ipi.

Jambo la nne ni ulinzi. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa matambara, nazo hudumu. Lakini tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa miti, zikawa na asidi ndani yake. Hugeuka rangi ya manjano na kuvunjika kama majani makavu. Huko Ulaya adui ni asidi na moto. Huku kwetu tuongeze mchwa, panya, na paa linalovuja.

WAZEE WETU WA ROCHDALE

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya vyuo vikuu tu. Kila mwana ushirika amesikia habari za watu 28 wa mji wa Rochdale, waliofungua duka lao dogo tarehe 21 Desemba, 1844, wakiuza siagi, sukari, unga na vitu vichache vingine. Watu wale, ambao wengi wao walikuwa mafundi wa kazi za mikono na wafuma nguo, hawakuridhika na duka. Walifungua chumba cha kusomea magazeti na maktaba ya wanachama, na katika miaka ya 1850 walikwisha kuweka sheria ya kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Nao waliandika mambo yao. Ndiyo sababu George Jacob Holyoake aliweza kuandika historia yao, na ndiyo sababu nasi, tulio mbali na Rochdale kwa maelfu ya maili, twaijua siku waliyofungua mlango. Barua nyingi za Holyoake na za Robert Owen zimetunzwa leo mjini Manchester, katika hifadhi ya vyama vya ushirika vyenyewe.

HALI YETU

Sasa turudi nyumbani. Katika nchi yetu ya Tanzania, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Chama kikivunjwa, majengo hupata mwenyewe, malori hupata mwenyewe, lakini karatasi hubaki yatima. Mtu atakaye leo kuandika habari za mkulima wa zamani wa Tanganyika atazipata ripoti za maofisa wa kikoloni zimepangwa vizuri huko Uingereza. Hatuzidharau. Lakini ripoti hizo zaeleza yale aliyoyaona ofisa. Aliyoyasema mkulima mbele ya mizani, na hoja alizotoa mkutanoni, yalikuwa katika vitabu vya vyama vyake mwenyewe.

Na si mambo ya kale tu. Imetupasa kukiri kosa letu. Katika mwaka wa tatu wa Chama hiki, tulipopungukiwa nafasi ya kuweka pembejeo, tuliruhusu magunia matatu ya karatasi yachomwe moto. Kibali tulikitia saini sisi wenyewe. Hatukufungua hata gunia moja kutazama.

Katika mwaka wa sita, mama mmoja mjane alifika ofisini kudai hisa za marehemu mumewe na malipo ya pili ya pamba ya msimu wake wa mwisho. Tukatafuta daftari la wanachama la chama chake cha msingi, hatukuliona. Tukamwambia kwa heshima, "Mama, bila ya kitabu hatuna la kufanya." Akanyamaza, akafungua fundo la khanga, akatoa stakabadhi ya hisa na hati mbili za mizani, moja ya pamba safi na moja ya pamba fifi, zimekunjwa lakini zasomeka kila tarakimu. Akasema, "Wanangu, nyinyi mna kabati lenye kufuli, mimi nina sanduku la mbao tu."

Mama yule alilipwa. Lakini wanachama watatu wa kijiji kilekile, ambao hawakuwa na karatasi, hawakulipwa mpaka leo, wala hatujui kama walikuwa na haki au hawakuwa nayo. Hilo ndilo linalotusumbua zaidi. Tukiwalipa bila ushahidi, huenda tukawadhulumu wengine. Tukikataa, huenda twawadhulumu wao. Na ushahidi huenda tuliuchoma sisi.

SHAURI LETU

Twaandika haya kwa sababu limeletwa tena pendekezo la kuuza karatasi za zamani kwa kilo, ili kupata chumba kimoja katika ghala la makao makuu. Bodi italifikiri baada ya sherehe hizi. Hatusemi ya kuwa kila karatasi itunzwe milele. Hata maktaba za London huchagua. Twaomba tu ya kwamba tuchague huku tunatazama, tusichague kwa kiberiti.

Kwanza, daftari za wanachama, kumbukumbu za mikutano, hesabu za mwaka na taarifa za wakaguzi zisitupwe kamwe. Pili, kila chama cha msingi kiwe na sanduku moja la chuma katika makao makuu, lenye orodha ya vilivyomo imebandikwa ndani ya kifuniko. Tatu, stakabadhi zitunzwe mpaka madai yote ya msimu wake yaishe, na zitakapoondolewa iandikwe nani ameziondoa na lini. Nne, nakala za taarifa zetu za mwaka zipelekwe kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, ili hata ofisi yetu ikipatwa na moto, habari zetu zisalie. Tano, wazee waliokuwako siku ya kwanza waulizwe sasa, wangali hai, na maneno yao yaandikwe pamoja na tarehe.

Gharama yake si kubwa. Masanduku ya chuma na rafu za chumba kimoja hazifikii bei ya matairi ya lori moja. Wale masonara walitoa paundi 10,000 kuokoa karatasi za watu wengine. Sisi twaombwa kuokoa zetu wenyewe.

Na kama yuko mwanachama mwenye sanduku la mbao nyumbani, lililo na stakabadhi, barua au picha ya miaka ile ya kwanza, twamsihi asiitupe, bali aje aonane nasi ofisini. Tutainakili mbele yake, naye atarudi na karatasi yake mkononi. Kwa njia hiyo wenzetu watakaopewa kuandika historia ya miaka ishirini watafungua kabati bila kutahayari, na huenda wale wanachama watatu wakapata jibu lao.